Mfugaji

Kila aliyelalamika nilimwelekeza mtoni.
"Ni Auji," nilisema, "na wanaomwaga taka humo,
na kaunti isiyozibua mitaro,
na mvua ya Aprili isiyojua adabu."
Orodha yangu ilikuwa ndefu.
Mimi sikuwemo.

Nauza matairi makuukuu hapa Nyalenda,
ukuta mmoja na gesti ya Seline Apondi.
Mia mbili na kitu, yamepandana hadi usawa wa madirisha yake:
ya lori, ya trekta za miwa kutoka Chemelil,
ya pikipiki zilizokufa, Mungu saidia, wenye nazo wakapona.

Seline alifukiza dawa kila magharibi.
Wageni walitoka vyumbani wakikohoa,
mbu wakawasubiri nje kwa heshima,
kisha wakarudi ndani pamoja.
Wakala mmoja wa mbegu aliandika katika kitabu cha wageni:
*Nililipia chumba cha mtu mmoja. Tulilala wengi.*

Ndipo akaja Mikal Abongo, mhudumu wa afya wa mtaa,
na upawa mweupe wenye mpini mrefu
kama wa kupakulia uji wa matanga.
Mto hakuutazama hata mara moja.
Alizamisha upawa ndani ya tairi la trekta,
akauinua, akaniletea hadi puani.
"Hesabu."

Maji yalikuwa rangi ya chai iliyolala,
na ndani yake vitu vikijipinda na kujinyoosha,
vikijipinda na kujinyoosha,
kama alama za mkato zilizotoroka daftarini.
Nilifika thelathini na saba nikachoka.
"Wengine hufuga ng'ombe," akasema Mikal.
"Wewe una hawa. Na wamenona."

Siku tatu sikuuza kitu.
Niliyatoboa matairi matumbo kwa keekee,
maji yakatoka yakinung'unika.
Mengine niliyaingiza bandani, mengine nikayatandikia turubai,
nikalivuta likakaza, maana turubai lililolegea
nalo ni bwawa.
Pipa la mvua nililifunga kitambaa mdomoni.
Na kile chandarua cha zahanati,
nilichokuwa nimewafunika vifaranga wasichukuliwe na mwewe,
nilikifua mara mbili, nikakiomba radhi,
nikakitundika juu ya kitanda cha binti yangu Apiyo.

Seline alisema usiku umepungua uzito.
Alinipa sahani ya mbuta, ya kwanza tangu tuwe majirani.

Juma la pili Mikal alirudi.
Alizunguka uwanja, akagonga tairi hapa, akachungulia pale,
akaguna kwa ile sauti ya mtu anayetafuta kosa na kulikosa.
Nilikuwa nimevaa shati safi.
Kisha akachuchumaa karibu na mfereji,
penye tope ninaponawia grisi,
akachota kwa kijiko tu, maana upawa haukuingia.

"Wale wa matairini walining'inia kichwa chini," akasema.
"Wale ni wa kelele.
Hawa wanalala sambamba na maji. Watazame. Kimya,
kama watu waliokwisha kupatana.
Hawa ndio wa homa."

Homa.
Februari, siku tisa, Apiyo kwenye kitanda cha hospitali
akiita majina ya wanafunzi wenzake kana kwamba yeye ndiye mwalimu,
na mimi korido nzima nikiulaani mto.

Niliinama.
Shimo lilikuwa dogo, maji kiasi cha kikombe.
Kisigino, wayo, meno ya soli,
na ule mpasuko upande wa kushoto
ambao tangu Krismasi nasema nitauziba.
Buti langu.
Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama siku zote hizo,
nikiunyoshea mto kidole.